Barua ya Wazi kwa Wachapishaji: Jalada Ndilo Linalofika Bariadi

Kwa: Wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili, kupitia Chama cha Wachapishaji Tanzania (PATA)

Nakala: Taasisi ya Elimu Tanzania, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania

YAH: MAJALADA YA VITABU VYENU NA MSOMAJI WA MKOA WA SIMIYU

Ndugu wachapishaji,

Kuchapa vitabu katika nchi yetu si shughuli ya mtu mwenye haraka ya kutajirika, na mengi mnayafanya kwa mapenzi kuliko kwa faida. Nimeyatanguliza hayo kwa sababu yanayofuata ni malalamiko. Kila penye maonyesho ya vitabu au kongamano la elimu husikika kauli ileile kwamba Watanzania hawapendi kusoma, na kauli hiyo ikitafutiwa mwenyewe huangukia mikoani, kwa watu kama sisi wa Simiyu: wakulima wa pamba, wafugaji, walimu na wanafunzi, ambao sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu ikapata watu 2,140,497. Tunachosema ni kwamba mara nyingi msomaji huyo hajakataa kusoma. Amekataa jalada. Na jalada hilo mlilitengeneza ninyi, mbali naye, bila kumuuliza, mkiwa na mtu mwingine mawazoni.

1. Kitabu kipya kikitoka Dar es Salaam, hukohuko kina njia nyingi za kujulikana. Huzinduliwa ukumbini, mwandishi huhojiwa redioni, rafiki humwambia rafiki, na katika duka la vitabu huenda akawepo muuzaji aliyekisoma. Kikishapakiwa kwenye basi, kikapita Shinyanga na kushika barabara ya Mwigumbi na Maswa hadi Bariadi, hayo yote hubaki nyuma. Mwenye duka la steshenari anauza pia madaftari, kalamu, rimu za karatasi na huduma ya fotokopi. Hakukiagiza kitabu chenu kwa kukipenda, na hana nafasi ya kumweleza mteja kinahusu nini wakati watu wa fotokopi wamempangia foleni. Mnadani mambo ni mafupi zaidi. Kitabu hutandazwa juu ya turubai jirani na viatu vya mtumba na dawa za mifugo, na mpita njia hukiona akiwa wima, jua kichwani, mfuko mkononi. Ana nafasi ya kutupa jicho tu. Hakuna mhakiki, hakuna tangazo, hakuna aliyekisifia kabla. Kwa hiyo uzito wa jalada haulingani kila mahali: kadiri kitabu kinavyokwenda mbali na mji kilikotoka, ndivyo jalada linavyolazimika kusema yale ambayo kule mjini yalisemwa na watu. Ninyi mnalipanga kana kwamba mnunuzi tayari anamjua mwandishi, tayari amesikia sifa za kitabu, na amekuja kukichukua tu. Huyo yupo, lakini anaishi karibu na ofisi zenu.

2. Kwamba jalada huamua nani atakishika kitabu si dhana iliyozuka Bariadi. Ndivyo biashara yenu inavyoendeshwa kwingine duniani. Allen Lane alipoanzisha vitabu vya Penguin huko Uingereza mwaka 1935, vitabu vya bei ndogo kwa watu wa kawaida, aliviuza kwa rangi: chungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi, buluu kwa wasifu wa watu. Mnunuzi mwenye haraka alijua anachochukua kabla hajasoma neno. Heinemann ilipoanza kutoa vitabu vya African Writers Series mwaka 1962, riwaya zake zikavaa rangi ya chungwa, na rangi hiyo ikawa alama iliyotambulika katika sekondari za bara hili. Mwanafunzi aliyemfurahia Chinua Achebe aliweza kumfikia Ngũgĩ wa Thiong'o kwa kuifuata rangi tu. Ushahidi ulio wazi zaidi, hata hivyo, uko kwenye Harry Potter, kwa sababu pale maneno ya ndani hayakubadilika. Mwaka 1998 kampuni ya Bloomsbury ilikitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kwa jalada la pili, lenye picha ya treni isiyo na rangi, kwa ajili ya watu wazima walioona haya kuonekana hadharani na kitabu cha watoto. Hadithi ni ileile, bei ya kuitunga ni ileile, lakini jalada moja lilimfukuza mtu mzima na lingine likamkaribisha. Hata kabla ya hapo, wachapishaji haohao walimtaka Joanne Rowling ajifiche nyuma ya herufi J. K., wakihofu kwamba wavulana wasingenunua kitabu chenye jina la mwanamke juu yake. Mtu anaweza kuuchukia woga huo, na mimi nauchukia. Lakini angalau walikaa kitako wakajiuliza nani atakiinua kitabu mezani na nini kitamfanya akirudishe. Tukiyatazama majalada mengi yanayotufikia huku, hatuoni dalili kwamba swali hilo liliulizwa.

3. Najua methali mtakayonijibu nayo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na nyuma yake inakuja ile ya mkakasi, uliopendeza mpaka ulipoguswa na maji. Ni methali za kweli mahali pake. Chema hujiuza pale mnunuzi anapoweza kukigusa, kukinusa, kukionja. Nyanya hujiuza, ng'ombe hujiuza, kwa sababu wema wao uko nje. Wema wa kitabu uko ndani, umefungwa, na pengine kimetiwa kwenye nailoni ili kisichafuke. Kitajiuzaje kabla hakijafunguliwa? Na hapa Usukumani hatuhitaji mtu wa mbali kutufundisha jambo hili, kwa sababu tunalo kwenye ngoma. Vikundi vya Bagalu na Bagika, vilivyorithi ushindani wa mabingwa wao wa kale Gumha na Ngika, hucheza baada ya mavuno kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja. Watazamaji wako huru kusimama upande wowote na kuhama wakitaka, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Manju mwenye nyimbo za maana kuliko wote atashindwa kama upande wake hakuna kilichowageuza watu shingo: mavazi, mitindo, wengine hata chatu. Hakuna Msukuma aliyewahi kudai kwamba vazi na chatu vinashusha hadhi ya wimbo. Vazi huwaleta watu, wimbo huwabakisha. Methali ya mkakasi inamlaumu mwenye uzuri wa nje bila kitu ndani. Haimsifu mwenye kitu ndani aliyetoka nyumbani hajaoga.

4. Sasa nije kwenye picha zenyewe, maana hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2014 Simon Stevens alikusanya majalada 36 ya vitabu vinavyohusu Afrika, yakachapishwa na tovuti ya Africa is a Country: mgunga, anga ya rangi ya chungwa, jua likizama, tena na tena, kwenye vitabu vya nchi zisizofanana hata kidogo. Wasomi wengi walicheka, nasi tuna haki ya kucheka zaidi yao, kwa kuwa tunapakana na Serengeti na migunga ya kweli tunayo. Sidhani yupo mtu wa Meatu aliyenunua kitabu kwa sababu kina mgunga. Mgunga huku ni kivuli cha ng'ombe. Majalada yale yalichorwa kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya na Marekani, kumthibitishia kwamba Afrika anayoijua bado ipo. Lakini ninyi nanyi mna mgunga wenu. Ni mtoto wa shule mwenye sare mpya anayetabasamu huku kitabu kikiwa mkononi. Ni jahazi na mnazi kwa hadithi isiyotoka pwani. Ni Mmaasai na mkuki wake panapotakiwa kusemwa "utamaduni". Ni picha iliyopakuliwa kwenye intaneti, ya watoto ambao ukiwatazama vizuri wala si wa nchi hii. Na katika vitabu vya wakubwa ni tufe la dunia, mwenge, au mikono miwili iliyoshikana.

Msinielewe vibaya: sidai kila jalada lichore pamba na majabali ya Usukuma, na msomaji wa Bariadi ana haki ya kutaka habari za bahari. Ninachodai ni kwamba picha itoke kwenye kitabu chenyewe, na mtu aliyechorwa awe anaishi mahali fulani panapotambulika. Mwaka 2009 nchini Marekani riwaya ya Justine Larbalestier iitwayo Liar, ambayo msimulizi wake ni msichana mweusi, iliandaliwa kutoka na jalada lenye sura ya msichana wa kizungu. Wasomaji wakapiga kelele, mwandishi mwenyewe akapinga hadharani, na jalada likabadilishwa kabla kitabu hakijaingia madukani. Wale wasomaji walijua kwamba jalada humwambia mtu kama kitabu hiki ni chake au ni cha wenzake. Kwa mtoto wa Itilima ujumbe huo ni mzito kupita kiasi, kwa kuwa wengi huanza shule wakiwa na Kisukuma kinywani na Kiswahili wanajifunzia darasani. Mtoto huyo hushika picha kabla ya kushika neno. Picha ikimwambia kwamba mambo yaliyomo humu yanatokea kwa watu wengine, atalifikia neno la kwanza akiwa amechoka tayari. Wala msiseme kwamba huku hakuna utamaduni wa kutazama picha. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Usukuma, michoro iliyotumika kufundishia wanachama wapya ndani ya nyumba. Watu waliokuwa wakisomeshwa kwa picha ukutani kabla ya karne ya 20 kufika nusu hawastahili kupewa picha ya kuokoteza leo.

5. Kulikuwa na wakati jalada la kitabu cha Kiswahili lilijua linamwita nani. Riwaya za Elvis Musiba zenye mpelelezi Willy Gamba, na za Ben Mtobwa zenye Joram Kiango, zilipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalegea, na hakuna aliyeziona kwa mbali akadhani ni vitabu vya kilimo. Gazeti la Sani lilifanya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge wajulikane hata na watu ambao hawakuwahi kununua riwaya, na lilifanya hivyo kwa mchoro. Nchi ni hiihii, watu ni walewale wanaosemwa hawasomi. Mtasema yale majalada ya zamani ya bastola, damu na mwanamke aliyevaa nusu yalikuwa aibu, na kwamba mwalimu au mzazi wa leo asingeyaruhusu nyumbani. Kwa sehemu nakubali. Baadhi yalikuwa ya hovyo, na mwanamke juu yake mara nyingi hakuwa na kazi yoyote ndani ya hadithi. Lakini kuvutia hakujawahi kuwa lazima kuambatane na uchafu. Mlipoyaacha mabaya ya majalada yale mkaacha na mazuri yake, yaani ujasiri wa kuahidi kitu. Mkatuletea jalada la adabu lisiloahidi lolote.

Nadhani kilichoua ujasiri huo ni soko la kulazimisha. Miaka ya 1990 uchapishaji wa vitabu vya kiada ulifunguliwa kwa kampuni binafsi, na kwa miaka mingi kampuni zilizofanikiwa ni zile zilizojua kumridhisha mtu mmoja: mjumbe wa kamati ya ithibati. Jalada likatengenezwa kwa ajili ya macho yake. Likawa na jina la somo, darasa, nembo, na picha isiyoweza kumuudhi mtu. Kamati hiyo, EMAC, ilivunjwa mwaka 2013, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi serikalini chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mmelalamikia sana uamuzi huo, na sitaki kuingia katika kesi yake hapa. Lakini matokeo yake kwenu yako wazi: mnunuzi wa hakika ameondoka, amebaki mnunuzi mwenye hiari. Na bado majalada yenu yanazungumza na kamati iliyokwisha kuondoka.

Mtu atanikumbusha kwamba vitabu teule vya fasihi bado vinalazimishwa. Mwanafunzi wa sekondari atasoma Takadini au Watoto wa Mama N'tilie apende asipende, jalada liwe zuri liwe baya. Atasoma kweli? Ingieni steshenari yoyote ya Bariadi, Mwanhuzi au Lagangabilili mtazame kinachouzwa jirani na riwaya yenyewe: kijitabu cha uchambuzi, chenye dhamira, wahusika na maswali ya mtihani, jalada lake linawaka rangi tatu na herufi zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi mwenye fedha ya kitabu kimoja huchukua uchambuzi. Sababu kubwa ni mtihani, sikatai. Lakini kijitabu kile kinamwambia wazi kitamfanyia nini, na riwaya iliyo kando yake imekaa kimya kama mgeni asiyejua amekuja kwa nani. Hata mahali penye lazima, hiari imepenya mlango wa nyuma, na huko nako mmeshindwa.

6. Kuna mambo ya ufundi ambayo nitayapita haraka. Vitabu vingi vya watoto na hadithi fupi hubanwa kwa pini katikati, hivyo havina mgongo. Vikisimamishwa rafuni katika maktaba ya shule havionekani kabisa, vinageuka karatasi katikati ya karatasi. Jalada lisilo na laminesheni hujikunja na kunywa vumbi kabla ya msimu mmoja wa kiangazi kuisha. Katika duka linalopigwa na jua, rangi ya njano na nyekundu huanza kuliwa, ikabaki picha ya kibuluu iliyofifia, na mwenye duka huiweka hivyohivyo mwaka mzima maana ameshailipia. Kitabu kinachouzwa kwa WhatsApp huonekana kwenye simu kikiwa na ukubwa wa stempu, na jina lililoandikwa kwa herufi za mapambo halisomeki. Kisha mkigeuze kitabu mtazame nyuma. Pale ambapo msomaji aliyevutika anageukia ili aamue, mara nyingi anakuta shahada za mwandishi, orodha ya vitabu vingine vya kampuni, au aya inayosema kitabu hiki kitamfaa kila mtu. Kitabu kinachomfaa kila mtu hakimwiti yeyote.

Baada ya hayo, haya ndiyo maombi yetu. La kwanza na kubwa: kabla ya kuchapa, andaeni majalada matatu ya kitabu kimoja na kuyapeleka kwa wasomaji walio nje ya Dar es Salaam. Hakuna utafiti wa gharama hapo. Yawekeni mezani mbele ya wanafunzi wa Maswa au Busega, muwaache wachague, kisha muwaulize kitabu hiki wanadhani kinahusu nini. Jalada likipendwa lakini likakisiwa vibaya, limeshindwa. Linaleta mnunuzi atakayekasirika. Likikisiwa vizuri lakini halikuchukuliwa na mtu, nalo limeshindwa. Mtajifunza mengi kwa asubuhi moja kuliko mtakavyojifunza kwa kubishana ofisini rangi ipi inapendeza. Shule za hapa si ngeni kwa kazi za namna hii. Simiyu ni miongoni mwa mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora, na walimu wake wamezoea kupokea watu wanaokuja kupima jambo na wanafunzi.

La pili ni mchoraji. Mlipeni kama mtu aliyefanya sehemu ya kitabu, mpeni muswada ausome wote badala ya kumwambia kichwa cha habari kwa simu, na jina lake liandikwe mahali linapoonekana. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na ni jambo jema. Tunaiomba Taasisi ifikirie kipengele cha jalada bora, kwa sababu mchoraji wa vitabu nchini hana jukwaa, na asiye na jukwaa huenda kwenye matangazo ya simu. Najua hapa mtaleta hoja ya gharama. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mchoraji mzuri amelipwa shilingi 600,000 na kitabu kimechapwa nakala 3,000. Ni shilingi 200 kwa nakala, chini ya bei ya kuwalisha wageni kwenye uzinduzi ambao sisi hatukualikwa. Na kama nakala ni chache mno kiasi kwamba hata hizo zinaumiza, jiulizeni kwa nini ni chache. Huenda mnazunguka ndani ya duara, jalada baya likifanya soko dogo na soko dogo likihalalisha jalada baya.

La tatu ni kwa Bodi ya Huduma za Maktaba na kwa wanaogawa vitabu vya ziada mashuleni. Vitabu visivyo na mgongo viwekwe vikitazama watu, hata kama ni kwa kamba na vibanio vya nguo ukutani. Rafu moja ya namna hiyo kwa kila chumba inatosha kuanzia. Na shule inapopewa fungu la kununua vitabu vya ziada, wanafunzi wawili watatu wawepo wakati wa kuchagua. Mtu mzima huchagua kitabu anachodhani mtoto anapaswa kukipenda, na jalada linalomridhisha mtu mzima huyo ndilo hulaza kitabu kabatini hadi mchwa wakione.

Mengine ni madogo na hayahitaji kikao: jina lisomeke kwenye simu, laminesheni iwe ya lazima kwa kitabu kinachoenda mkoani, na nyuma kuwe na aya moja inayosimulia mwanzo wa mambo na kumwacha msomaji njia panda. Aya hiyo iandikwe na mtu aliyekisoma kitabu. Nasikitika kulazimika kulisema hilo.

Viwanja vya Nyakabindi mnavijua. Sherehe za Nane Nane za kitaifa zilifanyika pale mwaka 2018, 2019 na 2020, na kila Agosti wakulima, wafugaji, walimu na wanafunzi wa ukanda huu hupita pale kwa maelfu. Huja wenye matrekta, wenye mbegu, wenye majiko sanifu, na kila mmoja hukaa siku nzima akitazama watu wanashika nini na wanaacha nini. Tunawaomba mje nanyi Agosti ijayo. Tutafutieni meza moja, majalada matatu ya kila kitabu mnachokusudia kukitoa mwaka unaofuata, na mtu mwenye daftari wa kuandika nani amechukua lipi na amesema nini. Ila tafadhali, msije na yaliyokwisha kuchapwa.

Ni mimi,

Msomaji wenu,
Bariadi, Simiyu